Meno Sita ya Mama

Ninyi mlioko nyuma kule, sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Habari ya leo sitaki kuipigia kelele.

Upande wa ziwani aliishi bwana mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake. Jina lake siwapi. Nikilitaja mtaanza kunong'onezana ni wa ukoo gani na nani aliolewa kwao, na mfano wangu utaishia hapo. Tumwite Mwalimu tu, kama alivyoitwa na kila mtu pale kijijini, mpaka mke wake.

Mwalimu huyu alikuwa anakaribia kutimiza miaka sitini, akaona amshukuru Mungu. Hapo alifanya vema kabisa. Wangapi kati yetu tumepewa miaka tukaipokea kimya, kama mtu anayepokea chenji? Yeye akasema hapana, nitaita watu, tuimbe, tule. Akakodi maturubai na viti. Akaalika kwaya. Akachapisha ratiba yenye picha yake kwenye jalada, amevaa tai. Familia nzima ikashonewa kitenge cha aina moja, cha zambarau, maana baada ya ibada ingepigwa picha kubwa ya ukoo, itiwe kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Kila kitu kilikaa sawa. Vitu viwili tu vilimkera, na vyote viwili vilikuwa kwenye miili ya watu wake.

Cha kwanza kilikuwa kwenye mkono wa binti yake. Huyu binti ni kitindamimba, muuguzi, anafanya kazi mbali, na likizo hii alirudi amechorwa tatuu. Ua dogo tu, upande wa ndani wa mkono, karibu na pale mnapopimia mapigo ya moyo. Ukubwa wake haufiki kifuniko cha soda. Lakini Mwalimu aliliona tangu getini.

"Hicho nini?"

"Ua, baba."

"Maua yako bustanini. Mwili umepewa na Mungu, nani kakupa ruhusa ya kuuandika kama daftari?"

Binti akatazama chini. Mwalimu akachukulia kuwa huko ni kukiri kosa. Akamwita fundi wa nguo siku hiyohiyo, akamwambia gauni la huyu libadilishwe, liwe la mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Kwenye joto lile la ziwani! Fundi akacheka, halafu akaona mwenyewe hacheki, akafanya alivyoagizwa.

Cha pili kilikuwa kinywani mwa mama yake.

Mama huyu alikuwa amepita miaka themanini. Alizaliwa zamani, wakati kwa watu wa kule mtoto akishakua kidogo alilazwa chini na mtaalamu wao, akang'olewa meno sita ya mbele, ya chini. Sita! Wengine wenu hapa mna mabibi wa namna hiyo, msijifanye hamjui. Basi mama alipofunga mdomo, alikuwa bibi kama mabibi wengine. Alipocheka, na kucheka alikupenda mno, pengo lilikuwa wazi, unaona ulimi.

Mwalimu alimpenda mama yake, nataka mlijue hilo. Alimjengea nyumba ya bati, kila Jumamosi alimpelekea sukari na samaki, na hakuwahi kumjibu vibaya. Ila miaka thelathini na mbili alisimama mbele ya darasa akifundisha kwamba kung'oa meno ni mila potofu, ni giza la zamani. Na kila aliposema hivyo, moyoni aliona aibu, kwa sababu giza lenyewe lilikuwa likimpikia uji nyumbani. Sasa watakuja wageni wa mjini. Watakuja walimu aliofundisha nao. Picha itatundikwa sebuleni mpaka wajukuu wa wajukuu waione. Je, waone pengo?

Akamwendea.

"Mama, Ijumaa nakupeleka mjini kwa daktari wa meno. Anatengeneza ya bandia, mazuri, huwezi kuyatofautisha."

Mama akashika kidevu. "Baba," akasema, maana kule mama humwita mwanawe baba, "mimi nakula mahindi ya kuchoma bila hayo. Ya nini?"

"Ya picha, mama. Ya siku ya shukrani."

"Sikiliza, baba. Pengo hili..."

"Najua, mama, ni mambo ya zamani, wala si kosa lako. Hebu panda gari, tutazungumza njiani."

Mama akapanda gari. Njiani Mwalimu akawasha redio, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mjini.

Meno yakatengenezwa. Sita, meupe pe, yamepangwa kwenye ufizi wa plastiki. Mama akayavaa siku ya kwanza akajiuma ulimi. Siku ya pili ufizi wake ukavimba. Siku ya tatu akayafunga kwenye pindo la kanga yake, na mtu akiuliza yako wapi, anapiga pindo lile kwa kiganja. "Yapo, yanapumzika."

Kesho yake sherehe. Jioni, Mwalimu akiwa dirishani anakagua ratiba, akamsikia mama yake na binti yake wanaongea barazani. Bibi alikuwa ameushika ule mkono, ameugeuza kwenye mwanga.

"Walikuumiza sana?"

"Kidogo, bibi. Ni sindano ndogondogo."

"Mimi walinikalia watu wawili. Mmoja kifuani, mmoja miguuni." Akacheka. "Hili ua lenyewe mimi silipendi, mjukuu wangu. Ningekuwa ni mimi ningechora ng'ombe. Lakini limechorwa vizuri, halikupinda."

Binti naye akacheka, na Mwalimu kule ndani akakunja uso. Moyoni alisema: ona hawa wawili, mmoja ameharibiwa na mababu, mwingine amejiharibu mwenyewe, na wote wanacheka. Akafunga dirisha.

Siku ikafika. Turubai likajaa. Kwaya ikaimba mpaka vumbi likatimka. Mwalimu akasimama, akatoa ushuhuda wake: alivyosoma kwa kutembea pekupeku, alivyoponea chupuchupu mtumbwi ulipopinduka, alivyofundisha watoto elfu na zaidi. Mwishoni akainua mikono akasema, "Namshukuru Mungu, aliyenipa uhai." Watu wakasema amina. Nani asingesema?

Kisha mshereheshaji akasoma ratiba: namba nne, neno la shukrani kutoka kwa mama mzazi.

Mama akainuka kwenye kiti cha mbele. Meno alikuwa ameyavaa, maana mwanawe asubuhi alimsihi kwa upole mpaka akaona huruma. Akapewa kipaza sauti. Akaanza, na kikatoka kitu kama upepo kwenye mlango mbovu. Akarudia. Watu wa mbele wakainamisha vichwa wasikie. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mama akajaribu kulitamka jina la mwanawe, lile alilompa siku alipozaliwa, likamshinda.

Mwalimu alitaka mama aketi tu, aseme ahsanteni, aketi, mambo yapite. Na mama, mbele ya wachungaji wawili na wageni wa mjini na mpiga picha, akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa yale meno sita, akayashika mkononi.

"Mama," Mwalimu akanong'ona, amekwisha kuinuka, "mama, tafadhali, rudisha. Watu wanatazama."

"Acha watazame, baba. Keti."

Akaketi. Mzee wa miaka sitini, lakini mama akisema keti, unaketi.

Sasa sauti ya mama ikatoka safi, hata wa nje ya turubai waliisikia. "Mwanangu anamshukuru Mungu kwa miaka sitini. Miaka hiyo ni ya kwake, ameieleza vizuri. Lakini kuna siku kumi na sita ambazo hazimo kwenye karatasi yenu, na hizo ni zangu. Nilikuwa na mimba yake ya miezi mitano. Nilikuwa navuna mtama, nikachomwa na kisiki unyayoni. Kidonda kidogo, nikakipuuza. Baada ya wiki, taya zikakaza. Pepopunda. Nikapelekwa zahanati, sindano nikachomwa, lakini mdomo ulifungika kabisa, kijiko hakiingii, na mganga akawaambia watu wangu: asipokula atakufa, yeye na aliye tumboni. Wifi yangu yule pale ndiye aliyeninusuru. Wifi, hebu inuka."

Kwenye safu ya tatu akainuka kikongwe mwingine, shangazi yake Mwalimu. Huyo hakuwa mtu wa kusubiri kipaza sauti. Njiani kuja mbele akachukua mrija kwenye chupa ya soda ya mgeni mmoja, na chupa yenyewe pia akaichukua.

"Wifi, kaza meno," akasema.

Mama akakaza. Akakaza kweli, mpaka misuli ya shavu ikasimama. Na pale mbele, chini, penye pengo, pakabaki wazi.

Shangazi akachovya mrija kwenye soda, akauziba juu kwa kidole gumba, akauchomoa umejaa, akaupenyeza pale pengoni, akaachia kidole. Soda ikaingia. Mama akameza. Shangazi akachovya tena.

"Hivi," akawaambia watu. "Hivi, kidogokidogo, mchana na usiku, siku kumi na sita. Uji mwepesi wa mtama, na maziwa. Mirija ya madukani haikuwapo. Baba yangu alikuwa na mrija wake wa pombe, mrefu, akiupenda kuliko hata sisi wanawe. Haukuguswa na mtu. Siku hiyo aliukata mwenyewe kwa kisu, akanipa kipande, akasema kamlishe mkwe wangu." Watu wakacheka, na yeye akangoja wamalize. "Kitanda cha pili alilala mama mwingine, kijana kama huyu, mgeni aliyeolewa kutoka mbali, ugonjwa huohuo. Alikuwa na meno yake yote, mazuri kweli. Tulihangaika naye. Hatukupata pa kupitisha."

Hapo hakucheka mtu. Hata kwaya walikuwa wametulia, na kwaya mnaijua.

Mwalimu alibaki amekaa na ratiba yake magotini. Miaka yote ile darasani, wanafunzi walipomwambia kuwa wazee walisema meno yaling'olewa ili mtu akikaza taya aweze kulishwa, alikuwa akiwauliza, "Nani amewahi kuona?" na darasa zima linacheka. Kumbe aliyeona ni yeye. Alikuwepo. Kila tone lililoshuka pengoni lilishuka likamkuta yeye chini, anangoja. Aliinuka akamwendea mama yake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia siku ile ya gari. Ukasema tutazungumza njiani." Mama akamfuta uso kwa pindo la kanga. "Njiani ukawasha redio."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingemwuma kidogo kuliko vile.

Mpiga picha, maskini, hakujua la kufanya, na ratiba ilisema namba tano ni picha ya ukoo. Akasogea, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, tumsubiri mama arudishe meno?"

Mwalimu akayachukua yale meno kwenye kiganja cha mama yake, akayafunga kwenye leso yake mwenyewe, akayatia mfukoni. "Piga hivyohivyo. Mama, cheka."

Na mama alicheka, jamani. Picha ile ipo sebuleni mpaka leo. Kila mtu ndani yake ana macho mekundu, na katikati kuna bibi anacheka mpaka ulimi unaonekana.

Kabla hawajatawanyika, Mwalimu akamgeukia binti yake, amesimama pembeni analoa jasho ndani ya ile mikono mirefu. "Kunja mikono, mwanangu. Jua kali."

Binti akakunja. Ua likaonekana.

"Bado silipendi," akasema Mwalimu.

"Najua, baba."

Halafu akamwuliza jambo ambalo tangu getini hakuwahi kuliuliza. "Ni la nini?"

Binti akamweleza. Walitembea wawili mpaka kwenye migomba na kurudi, na alichoelezwa mimi sijui, wala hakinihusu. Najua tu kwamba waliporudi, Mwalimu alikuwa ameushika ule mkono.

Sasa wapendwa, tutulie hapa kidogo, maana naona vijana kule wanatabasamu. Msitoke hapa mkaenda kuchorwa jioni hii mkasema mchungaji amefungua njia! Mimi mwenyewe tatuu sizipendi, na mkitaka sababu zangu njooni ofisini, nitawapa chai na nitawachosha. Na ninyi wazee wangu, sijasema turudi kuwakalia watoto kifuani tuwang'oe meno. Mungu apishie mbali. Siku hizi kuna chanjo, na kwa hiyo chanjo pia tumshukuru Mungu. Maoni tuwe nayo. Mwalimu alikuwa na maoni, na mengine yalikuwa sahihi.

Lakini hebu niambieni, alikosea wapi mtu huyu mwema? Alikodi maturubai. Alichinja. Aliinua mikono akamshukuru Mungu aliyempa uhai, na wakati huohuo, kiti cha mbele, ule mlango ambao Mungu aliupitisha uhai wake alikuwa ameuziba kwa plastiki ili wageni wasiuone. Angalieni jambo hilo. Alikuwa anashukuru kwa mdomo wake na anauonea aibu mdomo uliomlisha. Na hakuwa mbaya. Hakuuliza tu.

Na sisi je? Sisi tunaomwimbia Mungu hapa kila Jumapili, ni mama gani tumemwambia afunge mdomo kwenye picha? Ni baba gani tumemwomba avae viatu vya kufunika, kwa sababu vidole vyake vimepinda kwa kazi iliyotusomesha? Akiingia mlangoni pale msichana mwenye mchoro shingoni, au mzee mwenye chale usoni, au mama wa Kimasai mwenye masikio yaliyotanuka, sisi tunaanza na nini? Tunaanza na sura na mstari wa Biblia. Tunavijua kwa moyo. Swali hatuna. Yeye amebeba habari kwenye ngozi yake, pengine ya kilio, pengine ya ujinga wa siku moja, pengine ya kuokoka kwa namna ambayo sisi hatujaisikia, na sisi tumeshawasha redio.

Mimi nawashukuru waliomng'oa yule mama meno bila kujua wanamng'olea nani. Nawashukuru wifi wenye subira. Namshukuru mzee mmoja aliyekata mrija wake wa pombe, na hilo mzee wa kanisa asinishitaki. Na namshukuru Mungu ambaye hakungoja tuwe wazuri wa kupigwa picha ndipo atupitishie uhai. Alipitisha palipokuwa wazi.

Basi tukitoka hapa tukifika nyumbani, kila mmoja wetu amtafute yule mtu wake ambaye siku zote anamwambia, "Funika hapo." Akae naye. Redio izimwe. Amwulize habari ya mahali pale, na ajibiwe mpaka mwisho. Na huenda kati yetu yupo atakayesikia leo, kwa mara ya kwanza, alivyolishwa.

Tusimame, tumshukuru Mungu.